Baba Amesimama Upande wa Pili

Wiki jana tulimwacha Warigia mlangoni mwa ukumbi, mguu mmoja ndani na mwingine nje, baada ya kusikia kwenye kipaza sauti maneno ambayo hakutarajia kuyasikia kutoka kwa mtu wa kwao Endarasha: "Tusitie sahihi." Basi leo tumwingize ndani, maana hata yeye amechoka kusimama.

Nyinyi mlionitumia ujumbe mkiapa kwamba sauti ile ni ya Mheshimiwa Gathogo, mmekosea. Ningependa sana iwe yake. Mbunge akikugeuka unamtukana, unakunywa chai, unangoja uchaguzi.

Sauti ilikuwa ya Mutahi.

"Narudia," Mutahi akasema pale mbele, suti mpya, viatu vinang'aa. "Mimi ni Mutahi wa Ndungu na nimetumwa na wakulima wa Endarasha. Serikali imekataa kuingia kwenye huu mkataba wa hali ya hewa, na sisi tunasema imefanya vizuri. Tusitie sahihi, leo wala kesho."

Wengine walipiga makofi, wengine wakazomea. Warigia hakufanya lolote kati ya hayo. Aliegemea mlango asianguke.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo. "Baba, unasema nini?"

Aliyeingia kwenye hadithi hii leo atashangaa, mama mwenye mvi akimwita kijana wa suti baba. Ngoja nimweleze upesi kabla watu hawajapigana.

Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Ndungu, kakake Warigia, alipopata mwana alimwita Mutahi, jina la marehemu baba yao. Tangu siku hiyo Warigia hakuwahi kumwita mtoto yule kwa jina. Alimbeba mgongoni akimwita baba, akampangusa makamasi akimwita baba. Nyanya yake humwita "mume wangu" na kumwekea kipande kizuri cha nyama. Naye Mutahi, tangu alipojua kusema, alikuwa akimsalimia shangazi yake, "Habari yako, binti yangu?" na nyumba nzima ilicheka.

Ni utani, lakini kwa Warigia haukuwa utani tu. Marehemu mzee Mutahi hakuwahi kumdanganya bintiye hata siku moja. Basi Warigia akajiaminisha kwamba jina lile haliwezi kumdanganya. Hapo ndipo alipokosea, na mimi simlaumu.

Iliposikika kwamba kamati ya Bunge itakuja Nyeri kusikiza maoni ya wananchi, Warigia aliwakusanya wakulima wake nje ya kanisa. Yeye ndiye mwenyekiti wao, lakini kusema mbele ya wabunge kulimtia hofu.

"Mimi sijui Kiingereza ya hao watu," aliwaambia. "Baba ndiye atatuongelea. Chenye baba atasema, mjue ni mimi nimesema. Na pahali atasimama, mnasimama nyuma yake."

Mzee Wahome, ambaye hupenda mambo yaeleweke, akauliza, "Hata kukiwa na mambo ya kura?"

"Hata hapo."

Yakumbuke maneno hayo, msomaji. Yanakuja.

* * *

"Shoga, usianguke hapa, watakupiga picha." Mkono ulimshika Warigia kiunoni na kumvuta ndani. Ulikuwa mkono wa Zabibu.

Zabibu ni wa mtaa wa Majengo, mjini Nyeri, kuzaliwa na kukua, nyuma tu ya msikiti. Ana kibanda cha chai na mahamri ambacho kila dereva na kila karani wa mjini Nyeri anakijua. Warigia humletea kabichi na viazi tangu wote wawili wakiwa wasichana, na urafiki wao umevuka harusi, misiba na magomvi mengi ya bei. Leo Zabibu alikuwa amefunga kibanda siku ya soko ili aje kukaa kando yake.

Tena alikuwa na sababu ya kufurahi. Kwa miezi mingi kibanda chake kilikuwa na ile X kubwa nyekundu inayopakwa kila kinachongoja kubomolewa. Lakini asubuhi hiyo, Warigia alipopitia chai, alikuta X haipo. Mbao zimepakwa kijani kibichi, rangi bado inanuka.

"Wamekusamehe?" aliuliza.

"Mungu mkubwa," Zabibu alijibu, akageukia sufuria.

Sasa walikuwa wamekaa benchi la nyuma, na Mutahi bado anaunguruma.

"Tuulizane ukweli. Ni nani amechafua hewa ya dunia? Ni nyanya yangu na moto yake ya kuni? Ni wenye viwanda! Na hao hao wakichoka na mikataba wanajitoa, hakuna mtu anawauliza. Lakini mkulima wa huku kwetu Kieni ndiye ataambiwa usikate, usilime, usilishe ng'ombe msituni. Kwa nini tujifunge kamba sisi wenyewe?"

Makofi yalitikisa mabati. Tuseme haki, hoja haikuwa ya kijinga. Warigia mwenyewe alishawahi kuisema hivyo hivyo siku moja akiwa na hasira. Kilichomchoma si hoja. Ni kwamba jana jioni, mezani kwake, kijana huyu alikuwa amekariri hotuba nyingine kabisa, naye alimkaangia mayai.

"Mimi nimemalizwa, Zabibu," alinong'ona. "Nitarudi Endarasha na uso gani?"

Swali hilo halikuwa la mapambo. Misimu miwili iliyopita, Warigia alipita nyumba hadi nyumba kando ya mto wao, ule ambao zamani ulikuwa ukibeba mbuzi na sasa unauvuka kwa ndara bila kulowa. Aliwaomba watu wakate mikaratusi yao, bluugamu wanavyoiita, iliyokuwa ikinyonya maji ukingoni, wapande miti ya kienyeji. Nchi itaingia kwenye mkataba, aliwaambia. Msitu wa Nyandarua utalindwa, mto utapumzika, na wale waliotangulia kukata ndio watakaosaidiwa kwanza.

Hakuyatunga. Aliambiwa na Mheshimiwa Gathogo, sebuleni mwake, mbele ya mashahidi.

Basi watu wakakata. Mikaratusi ile ilikuwa karo ya watoto na paa za nyumba. Wahome alikata shamba zima, akakaa kwenye kisiki mpaka jua likazama. Kisha serikali ikatangaza kwamba nchi haitaingia kwenye mkataba. Lilikuwa limebaki jambo moja tu la kuwaokoa, nalo ni kamati hii. Nyeri ikisema iingie, kamati italirudisha suala Bungeni. Nyeri ikisema isiingie, mlango umefungwa, na Warigia ndiye mwanamke aliyewadanganya majirani zake wakakata miti yao bure.

Kuna siku mzigo huo ulimzidi. Ilikuwa jikoni kwa Zabibu, wamefunga mlango wa nyuma, na Warigia alilia mpaka kwikwi.

"Saa ingine mimi mwenyewe siamini," alisema siku hiyo. "Hata tukitia hiyo sahihi, huo mto unaweza kosa kurudi mimi nikiwa hai."

Zabibu alimfuta machozi kwa upindo wa leso yake. "Hilo limeishia hapa jikoni," alimwambia.

* * *

Wakati wa chai, Warigia alimkamata Mutahi kwenye veranda, akamvuta kwa tai.

"Baba, tulipatana!"

"Tata, tulia kwanza," Mutahi alisema, kwa neno la Kikuyu la shangazi. "Watu wanatuangalia."

"Waangalie! Jana ulikula kwangu ukisema tuingie. Leo unasema tusiingie. Ni nini imefanyika usiku?"

Mutahi alijinasua, akainyoosha tai. Alitazama kulia na kushoto, kisha akasema haraka haraka kama anayetema kitu kichungu.

"Mheshimiwa amenichukua ofisini. Naanza Jumatatu. Sharti ilikuwa niongee leo."

"Sharti!"

"Tata, niko na digrii na nimekuwa nikichimba viazi zako tangu nitoke chuo. Unajua vile marafiki zangu wananiita?"

"Hizo viazi ndizo zilikusomesha!"

"Ndiyo maana nataka kutoka kwa viazi."

Warigia alijua ni kweli. Alikuwa amemwona kijana akiosha matope kwenye kucha kila Jumapili kabla ya kanisa, akisugua mpaka ngozi inawaka.

"Na Wahome je?" aliuliza taratibu. "Alikata miti yake yote, baba. Wewe ulimsaidia kushika msumeno."

"Wahome atapanda ingine. Bluugamu inamea haraka."

"Haki unaweza sema hivyo?"

Mutahi alijaribu kutabasamu, lile tabasamu la tangu utotoni. "Usikasirike bwana. Habari yako, binti yangu?"

Warigia aliinua mkono kumzaba kofi, na angemzaba, wallahi angemzaba, kama mkono mnene wenye saa ya dhahabu usingetua begani mwake.

"Mama Warigia! Chuma ya Kieni!" Alikuwa Mheshimiwa Gathogo mwenyewe, sambusa mkononi. "Umependeza leo."

"Mheshimiwa, wewe si ndiye ulikuja kwangu, ukakula mukimo yangu, ukatuambia tukate miti?"

"Nilikuja, mama. Na mukimo ilikuwa tamu."

"Ukasema nchi inaingia."

"Wakati ule chama kilikuwa na msimamo ule. Sasa chama kiko na msimamo huu."

"Na mto uko na msimamo gani?"

Mheshimiwa alicheka mpaka tumbo likatikisika. Alimpigapiga bega, akamwambia Mutahi wasichelewe, na akaenda kusalimia mwingine. Mutahi alimfuata nyuma, amembebea simu.

Warigia aliwatazama wakienda. Alitaka kulia lakini machozi yalikataa, na nadhani hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nenda ukaseme mwenyewe," Zabibu alimwambia, akimpa kikombe. Mkono wake ulitetemeka na chai ikamwagika kwenye sahani. "Kwa Kiswahili chako hicho hicho kibovu. Nenda."

Warigia hakuuliza kwa nini mkono unatetemeka. Alidhani ni hasira kwa ajili yake.

* * *

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bi Ngendo, mbunge mwenye miwani minene na uvumilivu mdogo. Alimpa Warigia kipaza sauti huku akitazama saa.

"Mimi sijui mambo ya mataifa," Warigia alianza, na sauti yake ikamshtua kwa ukubwa wake. "Najua yenye macho yangu iliona. Nikiwa msichana, tukiamka tukienda kuteka maji tulikuwa tunaona mlima wa Kirinyaga huko ng'ambo, juu yote nyeupe. Saa hii ukiangalia ni kadoa tu. Baridi inakuja wakati haifai, inachoma viazi usiku moja. Mvua inakuja wakati imejisikia."

Watu wakacheka kidogo.

"Huyu kijana amesema si sisi tulichafua hewa. Ni kweli. Hata mimi hiyo inaniuma. Lakini jirani akinijazia moshi kwa nyumba, nami nikatae kuenda kwa kikao ati kwa sababu moto si yangu, ni nani atamwambia azime? Tukikataa kuingia, tutabaki nje tukikohoa. Sisi tulikata miti yetu tukijua tunaingia. Tulifanya sehemu yetu. Naomba na serikali ifanye yake."

Hakupangilia vizuri, na mwisho alisahau kushukuru. Lakini ukumbi ulilipuka. Akina mama wa sokoni walipiga vigelegele. Mheshimiwa Gathogo aliacha kutafuna.

Mutahi akaruka. "Mwenyekiti, Endarasha tayari imeongea! Mimi ndiye nimetumwa!"

"Muongo!" mtu akapiga kelele.

"Toka na suti yako!"

"Mkataba ni wa wazungu!"

Bi Ngendo aligonga meza mpaka maji yakamwagika. "Nimechoka na kelele," alisema. "Sitaandika kwamba Nyeri ilipiga kelele. Anayetaka nchi iingie, asimame nyuma ya mama. Anayeunga mkono serikali kukataa, asimame nyuma ya kijana. Nitahesabu kwa macho yangu."

"Ngai! Mlolongo imerudi!" mzee mmoja alisema, na wale wa umri wake wakacheka, kicheko cha watu waliowahi kupigishwa kura kwa foleni na kuona mstari mfupi ukitangazwa mshindi.

Warigia alisimama upande wa kushoto wa ukumbi. Hakuwa na wasiwasi. Alijua watu wake wamekuja na lori zima, alijua kila mmoja na kisiki chake. Alihisi Zabibu akija nyuma yake na kumshika mkono. Wakafuata akina mama wa sokoni, wakafuata vijana wachache wa mjini.

Kisha akageuka kuwatafuta wa Endarasha.

Walikuwa wakitembea, kweli. Wazee kwa akina mama, makoti yao ya baridi, kofia zao mikononi. Walipita mbele yake mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Walikuwa wanakwenda kujipanga nyuma ya Mutahi.

"Wahome!" Warigia alishindwa kujizuia. "Wahome, unaenda wapi?"

Mzee Wahome alisimama. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetii kitu asichokielewa.

"Kwani si wewe ulituambia?" alisema. "Ati pahali baba yako atasimama tusimame hapo? Tulifikiri mko na mpango yenu. Mimi nilikuuliza hata kama ni kura. Ukasema hata hapo."

Mheshimiwa Gathogo alifungua chupa ya soda. Msomaji, kuna watu wanaojua kufungua soda kwa wakati wa kuudhi.

* * *

Warigia alitazama mstari wa pili. Nyuma ya Mutahi walikuwa wamejipanga wale wale waliokata miti kwa sababu yake, na walikuwa pale kwa sababu yake vilevile. Hakuna aliyemgeuka katika wale. Alikuwa amewakabidhi yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, nje ya kanisa.

Mutahi hakuthubutu kumtazama. Alikuwa akikagua viatu vyake.

Kuna njia moja tu iliyokuwa imebaki, na Warigia aliijua, na ilimuuma kabla hata ya kuifanya. Alinyoosha mkono akachukua kipaza sauti.

"Mutahi," alisema.

Huenda wewe unayesoma uko mbali na milima yetu usione uzito wa neno hilo. Ukumbini waliona. Mama mmoja alijishika mdomo. Mutahi aliinua uso kama aliyemwagiwa maji, kwa maana tangu azaliwe hajawahi kulisikia jina lake likitoka kinywani mwa shangazi yake.

"Tata," alisema. "Tata, usinifanyie hivyo."

"Nilikuita baba tangu siku ulizaliwa," Warigia alisema, na sasa machozi yakakubali. "Leo mbele ya watu wote naichukua hiyo baba naiweka chini. Baba yangu alikufa. Tulimzika Endarasha. Wewe ni Mutahi, mtoto wa ndugu yangu Ndungu, umeajiriwa na Gathogo. Watu wangu, mimi niliwaambia mfuate baba. Baba hayuko hapo. Huyo mmefuata ni kijana wa ofisi."

Halafu Wahome akavaa kofia yake, tendo ambalo kwake ni kama kupiga kelele.

"Kumbe hakukuwa na mpango?" aliuliza.

"Hakukuwa."

"Sasa mimi nafanya nini hapa?" Akatoka kwenye mstari. Nyuma yake akatoka mama mwingine, kisha mzee mwingine, na mstari wote wa Endarasha ukaanza kuyumba. Akina mama wa sokoni walianza kuimba. Bi Ngendo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Chupa ya Mheshimiwa ilibaki hewani.

Ningemalizia hapo, ningekuwa nimewapa Jumamosi njema. Lakini sikuwaahidi hivyo.

Mheshimiwa Gathogo aliinama akamnong'oneza Mutahi sikioni. Mutahi alitikisa kichwa, anakataa. Mheshimiwa akanong'ona tena, na safari hii alimfinya mkono. Mutahi akamgeukia Wahome.

"Mzee Wahome, ngoja," aliita. "Kabla uvuke, muulize tata swali moja. Muulize kama yeye mwenyewe anaamini."

"Anaamini nini?"

"Huo mkataba. Muulize kama hajasema kwamba hata tukitia sahihi, huo mto unaweza kosa kurudi yeye akiwa hai." Sauti ya Mutahi ilikatika, lakini alimaliza. "Alisema. Akalia. Anajua hakuna maji, na bado aliwaacha mkikata."

Wahome alisimama katikati ya ukumbi. Mguu mmoja ulikuwa umeshatangulia upande wa Warigia, mwingine bado uko nyuma. Wote waliomfuata wakasimama pia.

"Warigia," alisema, na hakukuwa na hasira katika sauti yake, kulikuwa na ombi. "Hiyo ni uongo, sindio? Sema ni uongo tuvuke."

Neno moja tu. Angelisema, mstari ungevuka, Nyeri ingehesabiwa upande wake, na angerudi Endarasha kifua mbele. Lakini si hilo lililokuwa kichwani mwa Warigia wakati huo. Alikuwa akijiuliza jambo lingine. Maneno yale aliyasema mara moja maishani, ndani ya jikoni moja, mlango wa nyuma umefungwa, kwa mtu mmoja.

Aligeuka polepole.

Zabibu alikuwa bado amemshika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu, na midomo ilikuwa ikienda bila sauti. Kwenye ukingo wa buibui lake, karibu na kifundo cha mkono, kulikuwa na doa la rangi. Kijani kibichi.

Warigia alilitazama doa lile. Akaikumbuka X. Akakumbuka "Mungu mkubwa" na mgongo ulioelekea sufuria. Akakumbuka chai ikimwagika kwenye sahani.

"Wangebomoa Ijumaa," Zabibu alisema kwa pumzi tu. "Mheshimiwa alikuja mwenyewe kuongea nami. Aliniuliza kitu kidogo tu juu yako, nikadhani hakina maana. Wallahi, Warigia, nilidhani hakina maana."

Mutahi alimuuma Warigia, Gathogo alimkasirisha, lakini hili halikuwa na jina. Kwa hawa wawili angeweza kwenda kulia jikoni kwa Zabibu. Sasa angekwenda kulia wapi?

"Mama," Bi Ngendo aliita kutoka mezani. "Watu wanangoja. Ulisema au hukusema?"

Warigia aliinua kipaza sauti. Marehemu baba yake hakuwahi kumdanganya hata siku moja, na kati ya vyote alivyomwachia ni ukweli huo tu ambao hakuna aliyeweza kuuajiri wala kuupaka rangi.

"Nilisema," alijibu.

Mzee Wahome akaurudisha ule mguu uliokuwa umetangulia.

Na mkono wa Zabibu ukamwachilia. Warigia hakugeuka tena, hakutaka kumwona akikimbia. Alizisikia tu ndara zake kwenye sakafu, zikitoka nyuma yake, na akangoja zifike mlangoni.

Hazikwenda mlangoni. Zilimpita Warigia, zikampita Wahome pale katikati, zikaendelea mbele mpaka mezani kwa Bi Ngendo, na Mheshimiwa Gathogo akasimama ghafla kwenye kiti chake, soda ikimwagika kwenye suruali.

"Mwenyekiti," Zabibu alisema, "na mimi naomba kusema nilichoahidiwa, na aliyeniahidi."